Kusulubiwa si Kunyongwa

Katika insha za wanafunzi wetu tunakutana mara kwa mara na sentensi "alinyongwa msalabani". Kunyonga ni kukaba koo, kwa kamba au kwa mikono; aliyesulubiwa hakukabwa koo. Kitenzi sulubu, ambacho Biblia za zamani huandika sulibisha, na nomino msalaba vimetokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti s-l-b.

Warumi waliitoa adhabu hii hasa kwa watumwa, waasi na wageni. Kwa kawaida raia wa Roma aliepushwa nayo. Mhukumiwa alichapwa mijeledi, akabebeshwa boriti ya kukingama tu (si msalaba mzima kama wachoraji wengi wanavyotuonyesha), kisha akafungwa kwa kamba au akapigiliwa misumari. Kifo kilichukua saa nyingi, pengine siku kadhaa. Mahali palichaguliwa makusudi, kando ya njia kuu, ili wapita njia waone na kuogopa. Mwaka 71 K.K., uasi wa Spartacus ulipozimwa, watumwa wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya Via Appia, kutoka Capua hadi Roma.

Pamoja na wingi huo, mifupa ya waliosulubiwa iliyotambuliwa hadi leo ni michache mno. Mashuhuri zaidi ni mfupa wa kisigino uliopatikana Yerusalemu mwaka 1968, msumari ungali ndani yake. Ncha ya msumari ule ilikuwa imepinda, basi haukung'oleka. Marehemu akazikwa nao.