Kikombe Kinapoanguka: Kifafa Kisichofanana na Kifafa

Wengi wetu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa tunakijua kifafa kwa mtu kuanguka, kukakamaa na kutokwa povu. Kipo pia kifafa ambacho misuli, badala ya kukaza, hulegea kwa kitambo kifupi. Mtoto huangusha kikombe cha uji, au kichwa chake huinama ghafla, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Asiyejua humwona mzembe, na fimbo hufuata.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Ili mkono ushike kikombe na shingo ibebe kichwa, ubongo hupeleka amri kwenye misuli mfululizo. Umeme huo ukivurugika, amri hukatika, pengine kwa chini ya nusu sekunde, na kiungo hushuka. Umeme wa ubongo wa binadamu ulirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na daktari Mjerumani, Hans Berger. Kwa kipimo hicho madaktari huweza kuiona vurugu hiyo.

Nchini mwetu, ugonjwa wa jamii hii unajulikana huko Mahenge, mkoani Morogoro. Katika miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwahudumia huko wagonjwa wa kifafa, akawaona watoto walioinamisha vichwa mara kwa mara. Watu husema mtoto “amesinzia kichwa”. Miaka mingi baadaye, watoto wenye dalili hizo kaskazini mwa Uganda walipimwa umeme wa ubongo pamoja na wa misuli ya shingo. Ilionekana kwamba kichwa kinaposhuka, umeme wa ubongo hubadilika na misuli ya shingo hulegea. Watoto hao hawakuwa wamesinzia. Walikuwa na kifafa.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba wa kijana aliyeangushwa mara nyingi motoni na majini hakumficha mwanawe, bali alimleta kwa Yesu mbele ya umati. Nasi tusiwafiche watoto wetu. Tuwaombee, na tuwapeleke hospitali, tukimweleza daktari dalili zilianza lini na hutokea mara ngapi kwa siku. Dawa ya kifafa humezwa kila siku, wala haiachwi bila ushauri wa daktari. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kula pamoja. Mtoto huyo akae mbali na mafiga yenye moto, asiende mtoni peke yake, na shuleni asiadhibiwe kwa kalamu iliyomponyoka.