Unasomea PR? Mdomo pekee hautakupa kazi

Kama uko chuoni unasomea uhusiano mwema, kuna mtu aliwahi kukuambia, "Wewe una mdomo, PR itakufaa." Ukaamini. Sasa uko mwaka wa pili, unajua kuvaa koti safi na kushika maikrofoni kwenye hafla za chuo, lakini hujawahi kuandika taarifa hata moja kwa vyombo vya habari isipokuwa ile ya mtihani.

Hapo ndipo kuna noma. Siku ya kwanza ya atachimenti hakuna atakayekupa maikrofoni. Utaonyeshwa kompyuta, uambiwe, "Tuandikie aya tatu kuhusu mkutano wa jana, nazitaka saa tano." Na ni saa tano ya asubuhi hiyo hiyo.

Hii kazi ilianza na kalamu. Oktoba 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kampuni za reli enzi hizo zilipenda kunyamaza. Ivy Lee, aliyekuwa mwanahabari kabla ya kuanza kushauri kampuni, alifanya kinyume: aliandika taarifa ya kilichotokea, akawapa wanahabari na kuwasaidia wafike kwenye ajali. The New York Times likaichapisha ilivyo.

Wewe huhitaji kungoja treni ianguke. Maji yakipotea hosteli siku tatu, kaa chini uandike kana kwamba wewe ndiye msemaji wa chuo: nini kimetokea, nani ameathirika, nini kinafanywa, na lini mtapata habari tena. Maneno 150, basi. Kisha linganisha na ile notisi halisi waliyobandika ukutani. Mara nyingi yako itakuwa bora, na si utani.

Halafu tafuta kikundi kisicho na msemaji. Timu ya raga, klabu ya maigizo, hata kwaya. Waombe uendeshe ukurasa wao kwa muhula mmoja. Andika ulipoanza walikuwa na wafuasi wangapi, tamasha lilihudhuriwa na watu wangapi, na ulipomaliza hali ilikuwaje. Weka kila kitu kwenye folda moja. Mimi digrii sina, niliondoka chuoni kabla ya kumaliza, na kazi zote nilizolipwa kuandika nilipewa kwa sababu ya folda kama hiyo. Sisemi uache masomo. Kampuni kubwa bado zinataka cheti, lakini mkiwa 40 mezani kwa bosi mna cheti kile kile, atauliza umefanya nini.

Ukishapewa huo ukurasa, kuna jambo ambalo makomredi wengi huchukulia poa: picha. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza klabu ya Casa Vera jijini Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule ya Roma, Uthiru, ikapigwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuidhinisha. Sasa jiulize, ofisini ni nani hutumwa kupiga picha na kuzipakia? Ni yule wa atachimenti. Isome Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inapatikana bure mtandaoni. Na uzoee kuomba ruhusa kwa maandishi, hata kama ni picha ya densi ya freshaz.

Tena usidharau Kiswahili. Ofisi nyingi huandika taarifa kwa Kiingereza kisha mtu anakimbizwa dakika ya mwisho atafsiri, na kinachotoka hakisomeki hewani. Radio Citizen na Radio Maisha zinatangaza kwa Kiswahili kutwa nzima. Ukiweza kuandika aya ambayo mtangazaji ataisoma bila kurekebisha, utatafutwa.

Tuongee doo. Atachimenti nyingi hazilipi, ama zinakupa nauli tu. Ukikaa Rongai na ofisi iko Westlands, piga hesabu ya matatu mara mbili kwa siku na chakula cha mchana, miezi mitatu. Anza kuweka akiba sasa, hata mia mia. Wengi huacha katikati kwa sababu ya nauli, si uvivu.

Kuna pia ile bahasha. Siku moja unaweza kutumwa kuwapa wanahabari "kitu ya fare" baada ya hafla. Wengine watakuambia ndivyo mji unavyoenda. Kwangu huo ni mlungula, na jina litakaloharibika kwanza ni la aliyeibeba. Amua utajibu nini kabla hujaulizwa, kwa sababu siku hiyo bosi atakuwa amesimama hapo akikungoja.

Ukiwa unafikiria hayo, jiunge na chama cha wanataaluma hawa nchini, PRSK, kilichoanzishwa 1971. Nenda mikutano yao ukasikilize, usiende kugawa kadi. Na kama likizo ndefu iko karibu, pitia ofisi ya idara wiki hii uchukue barua ya utambulisho na uulizie bima ya ajali. Kampuni nyingi hazikupokei bila hizo mbili, na hiyo ofisi unajua vile hufungwa mapema Ijumaa.