Kumtumainia Mungu si Kumjaribu

Watoto wapenzi, kila siku mwanadamu huchagua. Mtoto atumwaye kununua chumvi sokoni huchagua: arudishe franka zote zilizobaki, ama afiche kidogo? Hapo hakuna shida, maana amri ya Mungu yajulikana: usiibe. Lakini yako mambo mengine ambayo njia yake haionekani upesi. Twafanyaje basi ili tujue mapenzi ya Mungu?

Sikilizeni habari ya kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina, karibu na Beni. Baadaye ukafika Beni mjini, kisha Butembo. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Waganga wa hospitali walileta chanjo. Lakini watu walikuwa wameumizwa sana na mauaji ya upande wa Beni tangu mwaka 2014, na wengi hawakuwaamini wageni. Wengine walisema: «Ugonjwa huu ni uwongo.» Wengine walisema: «Mimi ni mtu wa sala. Mungu atanilinda; chanjo ya nini?»

Neno hili la pili lafanana na imani. Je, ni imani kweli? Kumbukeni jinsi Shetani alivyompandisha Bwana Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe chini, eti malaika watamdaka. Yesu alikataa. Alijua kwamba Baba yake anampenda, kwa hiyo hakutaka kumjaribu. Mwenye kumtumainia Baba hushuka kwa ngazi.

Tumfikirie sasa mama mmoja wa Butembo, muuza maharagwe. Dada yake amekufa kwa ugonjwa ule. Desturi yataka ndugu waoshe maiti. Moyo wamwambia: «Usipomwosha, hukumpenda.» Majirani wamsema. Afanye nini?

Kwanza, asali. Asidai ishara, bali aombe moyo wa kusikia, kama mfalme Sulemani alivyoomba.

Pili, aulize wenye kujua. Mganga amweleza kwamba Ebola huenea kwa damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa, na kwamba kugusa maiti yake ni hatari sana. Kitabu cha Yoshua bin Sira chafundisha kwamba mganga na dawa vyatoka kwa Mungu. Basi kumsikiliza mganga si kumwacha Mungu.

Tatu, apime: shauri hili lamfaa nani, lamdhuru nani? Akiosha maiti leo, kesho atamshika mtoto wake kwa mikono ileile.

Nne, autazame moyo wake. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijeruhiwa vitani mwaka 1521. Alipolala kitandani alijifunza kupambanua mawazo yake: mengine yalimpendeza kitambo, kisha yakamwacha mkavu, mengine yalimwachia furaha iliyodumu. Hofu ya kusemwa na majirani hupiga kelele. Sauti ya Mungu huleta amani, hata inapoagiza jambo gumu.

Basi mama yule awaachia wenye mavazi ya kinga wamzike dada yake. Asimama mbali, asali rozari, alia. Kisha aenda kupokea chanjo. Je, ana hakika kwamba hataugua? Hapana. Amefanya lililo lake. Lililobaki amwachia Mungu. Hilo ndilo tumaini.

Nanyi, watoto, mtakapofika penye njia mbili, msikimbie wala msikae bure mkingoja ishara. Salini, ulizeni, pimeni, tazameni moyo, kisha tendeni bila woga.

Maulizo
1. Kwa nini Bwana Yesu hakujitupa chini?
2. Mama yule alimwonyeshaje dada yake upendo bila kumgusa?
3. Ni shauri gani linalokungoja juma hili? Utamwuliza nani?