Ruta Kumi Ndani ya Kompyuta Moja: Gharama Iko Wapi?

Chukua kampuni yenye makao makuu na matawi 6. Makao makuu yana ruta 2, kila tawi lina 1, na watoa huduma wawili wa intaneti wanawakilishwa na ruta 2: jumla 10. Ongeza swichi 4, fayawoli 1, na kompyuta 5 za watumiaji na seva. Hivyo ni vifaa 20, na fundi anayetaka kujifunzia nyumbani anauliza: mashine gani itaubeba mtandao huu kama maabara ya programu?

Kinachoamua ni RAM. Prosesa huhemewa wakati wa kuwasha tu, kisha ruta nyingi hukaa zimetulia. Ruta pepe ya Cisco, Catalyst 8000V, inataka GB 4 kila moja, kwa hiyo ruta 10 zinakula GB 40. Vifaa vingine vinahitaji GB 7.5: swichi za IOSvL2 GB 3, fayawoli ya FortiGate GB 2, kompyuta za Linux GB 2.5. Jumla ni GB 47.5, na hapo unahitaji mashine ya GB 64. Badilisha ruta pekee uweke IOSv, inayotumia MB 512, na jumla inashuka hadi GB 12.5. Ukiweka FRRouting ndani ya kontena na kuitengea kila ruta MB 100, unafika GB 8.5. Itifaki za njia, OSPF na BGP, ni zilezile.

Leseni nazo zina hesabu yake. Programu ya maabara ya Cisco Modeling Labs, toleo la mtu binafsi, imekuwa ikiuzwa dola 199 kwa mwaka, na kikomo chake ni vifaa 20. Toleo la bure linaishia 5. FortiGate ya majaribio inaruhusu milango 3, sera 3 na njia 3. Ni kidogo, lakini mlango wa intaneti, wa ndani na wa seva za umma unatosha kufundisha msingi wa usalama.

Umeme husahaulika. Seva kuukuu inayokula wati 200 usiku na mchana hutumia uniti 144 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 za Tanzania kwa uniti, mita ya LUKU itakula karibu 51,000. Kompyuta ndogo ya wati 35 itakula karibu 9,000. Kwa mwaka tofauti inapita 500,000, pesa inayokaribia bei ya leseni ile ya Cisco. Seva ya bei poa si rahisi kama inavyoonekana dukani.

Faida kubwa ya maabara hii ni kupima muda. Ukizima ruta moja, mlango wa jirani yake mara nyingi hubaki unaonekana mzima, kwa sababu katikati kuna daraja la programu. Ndivyo inavyotokea pia pale faiba ya tawi inapopita kwenye swichi za mtoa huduma. Jirani hana budi kusubiri: sekunde 40 kwa OSPF na 180 kwa BGP, kwa mipangilio ya kawaida ya Cisco. Kwa BGP, ni dakika tatu nzima tawi linatuma pakiti shimoni. Washa BFD, itifaki ya kugundua hitilafu haraka, kwa milisekunde 300 mara 3, na hitilafu inagunduliwa kabla sekunde 1 haijaisha. Kusoma hili kitabuni hakutoshi, lione mwenyewe.

Kwenye otomesheni, Ansible isipobadilishwa hushughulikia vifaa 5 kwa wakati mmoja. Ruta 10 ni mikupuo 2; matawi 200 yangekuwa 40. Kosa nalo husambaa kwa mwendo huohuo.

Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers ya Kanada iliondoa kichujio cha njia wakati wa kuboresha mtandao wake. Njia zikafurika, ruta za kiini zikazidiwa, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Mafuriko ya aina hiyo yanaweza kuigwa kwa ruta chache za kontena, na zoezi hilo lina thamani kubwa kuliko kuongeza fayawoli ya pili. Jambo moja maabara hii haiwezi: kukuambia swichi halisi itapitisha gigabiti ngapi, kwani hapa hakuna chipu zake.

Kama una laptop ya GB 16, usinunue seva bado. Jenga ruta hizo 10 kwa Containerlab na FRRouting, zote za bure, ziunganishe kupitia daraja la programu, anzisha pingi kutoka tawini, zima ruta moja ya makao makuu, kisha hesabu sekunde.