Mpiga gitaa asiyekopi atatunga nini?

Kwa wapiga gitaa wa mtaani, neno kopi lina sura mbili. Anayeanza akifaulu kuupiga wimbo wa bendi kubwa bila kujikwaa, wenzake humpigia makofi. Lakini siku akipanda jukwaani na kikundi chake, akisikia watu wakinong'ona kwamba "hawa wanapiga kopi tu," ameshashushwa. Aibu hiyo imewaathiri vijana wengi. Wapo wanaokimbilia kutunga wakati vidole bado vinatafuta njia, wakatoka na nyimbo kumi zinazofanana. Wapo pia waliobaki na nyimbo za watu miaka yote, kwa imani kwamba kutunga ni kipaji ambacho wao walinyimwa. Naamini makundi yote mawili yamepotoshwa na wazo moja, kwamba kuiga na kutunga ni njia mbili zinazoachana. Historia ya gitaa katika ukanda wetu inaonyesha kuwa njia ni moja, na kinachopungua leo ni kukopi kwenyewe, kwa maana ya kukopi kwa bidii, kwa sikio, na pamoja na wenzako.

Tazama muziki wa dansi ulipoanzia. Tangu miaka ya 1930, kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, zenye nyimbo za Cuba, na zikauzwa katika miji mingi ya Afrika. Wapigaji wa bara hili walizisikiliza bila kujua Kihispania na bila mwalimu. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, jina ambalo halifichi alikojifunza. Hata hivyo, hakuna anayezisikia nyimbo zake leo akadhani ametua Havana. Alipofariki mwaka 1965 aliacha tungo za Kiswahili zenye ladha ya pwani na bara la Tanganyika. Nadhani lugha yenyewe ilisaidia. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na maneno yake karibu yote huishia kwa irabu. Kihispania kina maneno mengi ya namna hiyo. Maneno mapya yalikaa ndani ya mapigo ya Cuba bila kubanwa, kisha yakaanza kuyavuta mapigo hayo kwao. Anayejaribu kutia Kiswahili ndani ya wimbo wa Kiingereza hukutana na taabu tofauti kabisa: sentensi ya Kiingereza hupenda kumalizika kwa kishindo, yetu hutua polepole. Taabu hiyo ina faida, maana inamlazimisha abadilishe sauti ya wimbo, na hapo ameshaanza kutunga bila kujitangaza.

Mfano ulio karibu zaidi na mpigaji wa kawaida ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha huko na ambaye hakuishi kwa gitaa peke yake. Alikuwa na ajira za ukarani. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao sasa unaitwa Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi akiwa na gitaa kavu, na santuri ya wimbo wake Masanga ikatoka kwa nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini. (Nembo hiyohiyo iliuza magitaa, ndiyo maana wazee wengi wa Tanzania hadi leo huliita gitaa kavu galatoni. Gitaa la mwanzo la John Lennon, alipokuwa kijana wa Liverpool akipiga nyimbo za wengine na kikundi chake, nalo lilikuwa Gallotone.) Bosco alitumia vidole viwili tu, gumba likishika besi na cha shahada kikipiga sauti ya juu, na msikilizaji huapa kwamba wapigaji ni wawili. Upande mwingine wa Kongo hiyohiyo, kule Kinshasa, Franco alianza na kigitaa cha kujitengenezea, akafundishwa na jirani aliyemzidi umri, Dewayon, na mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alikuwa tayari anarekodi katika studio ya Loningisa. Miaka mitatu baadaye ikaja OK Jazz. Si yeye wala Bosco aliyeanza kwa kutafuta upya wake. Walianza kwa kutaka kupiga walichokisikia.

Lakini kukopi ninakokusema si kutazama video ikuonyeshe pa kuweka vidole. Hapa najua nitapingwa, kwa sababu video zimewafikishia masomo watu ambao wasingempata mwalimu maishani, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba video hukupa jibu kabla hujauliza. Anayejifunza kwa sikio husikiliza kipande cha sekunde nne, akakizuia, akakiimba kwa mdomo, ndipo akakitafuta kwenye nyuzi. Asipoweza kukiimba hajakisikia bado, arudie. Katika kurudia huko ndiko anakogundua kwamba ile solo ya rumba aliyodhani ni ya gitaa moja ni ya mawili, moja likidondosha noti ndani ya nafasi zilizoachwa na jingine. Au anatafuta sauti fulani hadi usiku na haipati popote. Haipati kwa kuwa haimo kwenye gitaa lake: baadhi ya wapigaji wa Kongo walizoea kuuondoa uzi wa nne, ulio mnene, wakafunga mwembamba unaolia oktavu moja juu. Sasa afanye nini? Hana uzi wa ziada wala mwenzake wa kupokezana naye. Analazimika kubuni mkato, aruke noti mbili, asogeze besi, amalizie kwa kodi nyingine, yaani sauti tatu au nne zinazolia pamoja ambazo hazikuwamo kwenye wimbo ule. Mkato huo ni wake. Nyimbo nyingi mpya zimeanzia kwenye mahali mpigaji aliposhindwa kuiga, na aliyepewa jibu tangu mwanzo hakupata nafasi ya kushindwa.

Bendi ndipo jambo hili linapokomaa. Kwenye dansi, gitaa la rithim hushikilia mwendo, solo huimba juu yake, solo la pili hujaza katikati, besi husema na tumba. Kila mmoja amesikia wimbo uleule kwa sikio lake, na kila mmoja amekosea kwa namna yake. Wakikaa mazoezini, makosa hayo inabidi yapatane. Mpiga rithim anachelewa kidogo kwa sababu utotoni alizoea ngoma ya kwao. Mpiga solo naye anasubiri ili wasigongane. Baada ya wiki kadhaa wimbo wa watu una mwendo usiokuwepo kwenye santuri. Ndiyo maana bendi za Tanzania zilitambulika kwa mitindo: NUTA Jazz na Msondo, Western Jazz na Saboso, Maquis na Kamanyola, Mlimani Park na Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Bendi hizi zote zilikunywa kwenye kisima kimoja cha rumba, lakini shabiki alizitofautisha kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Leo kompyuta humpigia mtu ngoma na besi chumbani kwake, na wapo wanaouliza bendi ya nini tena. Kompyuta hupiga besi uliyoiagiza. Mpiga besi aliye hai anaweza kukuwekea noti usiyoitarajia, ukachukia, ukairudia kesho, ukakuta wimbo wote umegeukia huko.

Litakuja pia suala la gharama, nalo ni zito. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Vyombo vilinunuliwa na taasisi, na mwanamuziki alikuja na kipaji chake tu. Udhamini wa namna hiyo umepungua sana, na spika na mashine za jukwaani haziko ndani ya uwezo wa kijana wa kawaida. Lakini bendi kubwa haikuwa shule pekee. Magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapigaji kama George Mukabi walitikisa mikutano kwa gitaa kavu na chupa ya Fanta, ile yenye mikunjo, ikikwaruzwa kwa chuma kushika mwendo. Watu wawili wenye galatoni moja na chupa ni bendi. Wanatosha kukosoana, na kukosoana ndiko ninakokuhimiza.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: zipo bendi zilizopiga kopi miaka ishirini kwenye mahoteli na hazikutunga kitu. Kweli kabisa, na siwalaumu, kwa kuwa mgeni wa hoteli hulipia wimbo anaoujua. Lakini kopi ile hupigwa kwa kukariri, wimbo ukishakaa haufunguliwi tena. Anayetaka kuvuka lazima auvunjevunje: kwa nini kiitikio hiki kinaingia mapema, kwa nini sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, inaanza baada ya kimya cha pigo moja, nini kitatokea nikipiga solo hii juu ya rithim ya wimbo mwingine. Naye ajue mpaka wake. Kujifunzia wimbo wa mtu ni halali. Kuupiga hadharani kunahitaji ridhaa, kama inavyosema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na kuurekodi kwa jina lako ni wizi. Malaika, wimbo wa Kiswahili uliosikika duniani labda kuliko wote, haki ya utunzi wake imegombaniwa kwa miongo mingi, na ugomvi ule umewaumiza walioupenda wimbo kuliko ulivyomnufaisha yeyote. Kukopi kwa heshima huanza na kumtaja mwenyewe.

Masanga bado inapigwa na wanafunzi wa gitaa, Afrika hata Ulaya, na wengi wao hukwama palepale, gumba linapotakiwa kuendelea wakati kidole cha juu kinachelewa. Wanairudia rekodi ya 1952 hadi waikariri noti kwa noti. Kisha wanaisikiliza rekodi nyingine ya wimbo uleule, Bosco akiwa mtu mzima, na kukuta vipande vimehama, vingine vimerefushwa, vingine havimo kabisa. Inabidi waliweke gitaa chini, wasikilize upya.