Uwazi wa chini wa krosova ya kifahari

Uwazi wa chini wa gari ni umbali kati ya uso wa barabara na sehemu ya gari iliyo karibu zaidi na ardhi, bila kuhesabu magurudumu yenyewe. Hupimwa kwa milimita. Madereva na mafundi wengi hawatumii istilahi yoyote. Husema tu kwamba gari "liko juu" au "liko chini". Usichanganywe na kimo cha gari, ambacho hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye paa.

Krosova ni gari lenye umbo la gari la porini lakini lililojengwa kwa muundo wa gari la kawaida la abiria, bila chesisi ya pekee. Krosova za kifahari ni kama vile Lexus RX, BMW X5, Audi Q5 na Toyota Harrier. Uwazi wake wa chini kwa kawaida huwa kati ya milimita 180 na 220, wakati saluni nyingi huwa na milimita 130 hadi 160 hivi. Mnunuzi hulipa fedha nyingi kwa ajili ya sentimita hizo chache, lakini tarakimu iliyoandikwa kwenye kijitabu cha gari haimwambii yote anayohitaji kujua.

Jinsi unavyopimwa

Kiwango cha kimataifa ISO 612 huangalia sehemu ya kati ya gari tu, yaani asilimia 80 ya nafasi iliyopo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja. Vipuri vilivyo jirani kabisa na gurudumu havihesabiwi. Katika krosova, sehemu ya chini kabisa mara nyingi ni bomba la moshi, fremu ndogo inayobeba injini, au kinga iliyo chini ya sampu. Inafaa kufahamu kwamba kinga hiyo katika krosova nyingi ni ya plastiki: kazi yake ni kulainisha mwendo wa hewa na kuzuia matope, si kupambana na mawe.

Jambo la pili ni mzigo. Gari lililopimwa tupu si gari lile lile likiwa na watu watano, mizigo na tangi lililojaa. Springi hubonyea na uwazi hupungua kwa sentimita kadhaa, hasa upande wa nyuma. Jambo hili lilizua ubishi wa kodi nchini India, ambako wakati huo gari lilitozwa kodi ya juu zaidi likizidi urefu wa mita 4 na injini ya sentimita za ujazo 1500, na likiwa na uwazi wa chini wa milimita 170 au zaidi. Ilibidi Baraza la Kodi ya Bidhaa na Huduma la nchi hiyo lifafanue mwezi Julai 2023 kwamba uwazi unaohesabiwa ni wa gari lisilo na mzigo.

Milimita 200 za krosova na za gari la porini

Magari mawili yanaweza kuandikiwa tarakimu ileile na yasifanane njiani. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ina ekseli nzima, yaani bomba moja gumu linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na sehemu yake ya chini kabisa ni difu iliyo kwenye ekseli hiyo. Gari likipakiwa, bodi hushuka, lakini difu haishuki, kwa sababu imebebwa na magurudumu na si na springi. Gurudumu likipanda jiwe, difu nayo huinuka kidogo.

Krosova haiko hivyo. Kila gurudumu lina springi yake na husogea peke yake, na difu pamoja na fremu ndogo zimefungwa kwenye bodi. Gari likibonyea, vyote hushuka pamoja. Krosova yenye milimita 200 ikiwa tupu inaweza kubaki na 150 au pungufu pale inapotumbukia shimoni kwa kasi ikiwa imejaa abiria. Ndiyo maana dereva anaweza kugonga tumbo la gari mahali ambapo jana yake, akiwa peke yake, alipita bila shida. Faida ya mpangilio huu ni safari tulivu na gari kushika barabara vizuri kwenye lami, ambako ndiko krosova huishi zaidi.

Umbali kati ya ekseli mbili nao una neno. Harrier ya kwanza ina mita 2.615 kati ya ekseli zake. BMW X5 ya kizazi cha nne ina mita 2.975. Kwenye tuta kali, gari refu huketi juu ya tuta kabla ya fupi, hata kama uwazi wao ni sawa. Bampa ya mbele ikichomoza sana, itakwaruza kwenye mpando kabla tumbo halijafika.

Sheria na urefu wa magari

Kwa nini krosova nyingi huzunguka karibu na milimita 200? Sehemu ya jibu imo katika sheria za Marekani za matumizi ya mafuta. Huko gari huweza kuwekwa katika kundi la malori mepesi, lenye masharti nafuu zaidi, likiwa linaendeshwa na magurudumu yote manne (au lina uzito mkubwa) na likitimiza angalau masharti manne kati ya matano: uwazi wa sentimita 20, uwazi wa sentimita 18 chini ya ekseli, na pembe tatu za mbele, katikati na nyuma zisizopungua nyuzi 28, 14 na 20. Hivyo krosova moja huweza kuwa lori jepesi kisheria, na ndugu yake inayovutwa na magurudumu ya mbele tu ikawa gari dogo.

Umoja wa Ulaya pia unayo orodha yake ya magari ya porini, yenye milimita 180 chini ya ekseli na 200 katikati.

Springi za hewa

Baadhi ya krosova hubadilisha uwazi wake kwa mifuko ya hewa. Range Rover ilipata mfumo huo mwaka 1992. Porsche Cayenne ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2002, iliweza kushuka hadi milimita 157 ili kupakia mizigo na kupanda hadi 273 kwa njia mbovu. Kwa kasi kubwa mfumo huishusha gari, kwa sababu gari lililo juu hupinduka kwa urahisi zaidi: uthabiti wake hutegemea nusu ya upana kati ya magurudumu ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Mifuko ikichakaa huvuja, na gari hukutwa asubuhi limelala chini.

Katika Afrika Mashariki

Harrier, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ni miongoni mwa krosova za mitumba zinazoonekana sana Tanzania na Kenya. Ile ya kizazi cha pili vijana wa Tanzania wameiita "tako la nyani". Nyingi zilitengenezwa kwa barabara za Japani, kisha zikakutana na matuta, makorongo na barabara za changarawe.

Hatari kubwa ni sampu. Jiwe likiipasua, oili humwagika, na dereva asiyezima injini mara taa nyekundu ya oili inapowaka huenda akainokisha kabla ya kufika kwa fundi.

Wamiliki wengi huinua gari. Tairi la 235/60R18 mahali pa 235/55R18 huongeza milimita 12 tu, na kipima mwendo huanza kuonyesha kasi pungufu kuliko ya kweli kwa takriban asilimia 3. Wengine huweka spesa juu ya springi. Hizo huinua bodi zaidi, lakini shafti zinazozungusha magurudumu hulazimika kufanya kazi zikiwa zimeinama kuliko zilivyokusudiwa, mipira yake hupasuka mapema, na magurudumu huhitaji kupangwa upya. Kabla ya yote hayo inafaa kukagua springi na shokomzoba: mara nyingi gari la umri wa miaka 15 liko chini kwa sababu springi zimechoka.

Uwazi wa chini si kina cha maji ambacho gari linaweza kuvuka. Hicho hutegemea mahali injini inapovutia hewa, na watengenezaji wanaokitaja hukiandika peke yake. Maji yakipita usawa wa sakafu, bodi ya krosova huanza kuelea, na mkondo huweza kulisukuma gari nje ya barabara hata kama injini bado inanguruma.