Nyenzo za Kale Zingali Zikilinda Treni

Katika mji wa Shrewsbury, Uingereza, ingaliko nyumba ya ishara za reli iliyojengwa mwaka 1903. Ndani yake mna safu ya nyenzo 180 za chuma, ingawa si zote zitumikazo sasa. Mwenye zamu huushika wenzo akauvuta kwa nguvu. Waya huuvuta mkono wa ishara ulio juu ya mlingoti kando ya njia, na dereva hujua kuwa ameruhusiwa kupita.

Huenda msomaji akashangaa kuona chombo cha kale namna hii kikiongoza treni za kisasa. Sababu moja ni kwamba nyenzo hizo zimefungamanishwa kwa vyuma: reli zikigeuzwa kuelekea njia moja, wenzo wa ishara ya kuruhusu treni ya njia nyingine haukubali kuvutwa.

Lakini chuma peke yake hakijui kama njia ni tupu. Mwaka 1915, huko Quintinshill, Scotland, wenye zamu waliisahau treni iliyosimama mbele ya kibanda chao, wakairuhusu nyingine kuja. Watu zaidi ya 200 wakafa. Chuma huzuia kosa la mkono. Kosa la kusahau, chuma peke yake hakiwezi kulizuia.